Mayai ya Kobe Jikoni na Mtoto Anayetambaa

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Macalder, kaunti ya Migori. Ikiwa una mtoto mchanga mgongoni, keti mahali penye kivuli umnyonyeshe huku ukisikiliza. Ikiwa una kijana wa darasa la tano, la sita au la saba, mwite naye aje, kwa sababu mazungumzo ya leo yanamhusu pia.

Leo tutazungumza kuhusu watoto wetu wanaookota mayai ya wanyama watambaao, yaani kobe, kenge, mijusi, na wakati mwingine nyoka, wakayaleta nyumbani ili wayaone yakianguliwa. Wengine huyaweka katika kopo lenye mchanga. Wengine huyafunika kwa majani nyuma ya jiko. Na watoto wa wanyama hao wakishatoka, kijana hutaka kuwafuga, wakue, nao wazae.

Mama, unapogundua jambo hilo pengine hupiga kelele, ukatafuta fimbo, ukatupa kila kitu chooni. Nataka leo tuangalie jambo hili kwa utulivu. Kijana anayependa kujua si kijana mbaya. Lakini mnyama huyo na mtoto wako mdogo hawawezi kukaa katika jiko moja, na nitawaeleza ni kwa nini.

Wanyama hawa huangua vipi?

Hebu tuanze na lile ambalo kijana wako anataka kujua. Ukiweza kumjibu, atakusikiliza pia utakapomweleza kuhusu hatari.

Sote tunajua kuku. Kuku hulalia mayai yake siku 21, akiyageuza kwa mdomo mara nyingi kila siku. Wanyama watambaao wengi hawafanyi hivyo. Kobe, ambaye kwa Kijaluo tunamwita opuk, huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, hutaga mayai yake, huyafukia, kisha huenda zake. Kazi ya kuyapasha joto huachiwa udongo na jua. Kwa sababu hiyo mayai ya kobe wetu wa nchi kavu hukawia sana. Yanaweza kukaa chini ya ardhi miezi minane, mwaka, na hata zaidi, kulingana na joto na mvua.

Kenge, yule tunayemwita ng'ech, ana akili ya ajabu. Jike hupasua kichuguu cha mchwa na kutaga ndani yake. Mchwa hurudi wakaziba tundu, na mayai yakabaki ndani yakiwa na joto na unyevu usiobadilika sana. Watoto wake hutoka mvua inapolainisha udongo. Kwa hiyo vijana wanaochimba vichuguu wasishangae wakikuta mayai meupe humo.

Mamba, nyang', hufukia mayai yake kwenye mchanga karibu na maji, na tofauti na kobe, hubaki hapo akilinda. Baada ya miezi mitatu hivi, watoto hulia wakiwa bado ndani ya mayai. Mama yao husikia, hufukua mchanga, na huwabeba kwa mdomo hadi majini. Chatu naye, ng'ielo, hujizungusha juu ya mayai yake mpaka yaanguliwe. Wengi wetu tunakumbuka habari za Nyakach, nyumbani kwa chatu maarufu Omieri aliyekufa mwaka 1987 baada ya kuungua moto. Mwaka 2003 chatu mwingine alionekana huko Nyakach akiwa amelalia mayai, na watu wakabishana sana kama aachwe au aondolewe.

Si wote wanaotaga. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, huzaa watoto walio hai. Kinyonga mwenye pembe tatu wa nyanda za juu za Kenya huzaa vivyo hivyo.

Sasa, mtoto hutokaje ndani ya yai? Kwenye ncha ya mdomo wake kuna kijino kidogo kigumu. Hukitumia kukwaruza na kupasua ganda, na siku chache baadaye kijino hicho hudondoka. Akishapasua ganda, mara nyingi hatoki mara moja. Anaweza kukaa humo siku nzima au zaidi, kichwa tu kikiwa nje. Vijana wengi hufikiri amekwama, wakabandua ganda ili kumsaidia. Hapo huweza kumuua, kwa sababu tumboni mwake bado kuna kifuko cha kiini cha yai ambacho hajamaliza kukinyonya, na kikipasuka hutoka damu. Ninyi akina mama mtaelewa haraka. Ni kama kitovu cha mtoto mchanga. Hukivuti, na hukipaki majivu wala samadi. Unakiweka kikavu na safi, nacho hukauka na kudondoka kwa wakati wake.

Jambo lingine ni hili. Yai la kuku hugeuzwa, lakini yai la kobe au la mamba haligeuzwi. Muda mfupi baada ya kutagwa, kile kiumbe kilicho ndani hujishika upande wa juu wa ganda. Ukiligeuza yai, unaweza kukiua. Tena, kwa kobe wengi na kwa mamba wote, joto la udongo ndilo huamua kama atakayetoka atakuwa dume au jike. Kijana akiyaweka mayai karibu na moto, hajui anachokifanya.

Kwa hiyo, kuangua mayai ya wanyama hawa si mchezo wa kopo na mchanga. Ni kazi ya watu waliofundishwa, wenye vipimo vya joto na vibali vya serikali.

Hatari ni ipi kwa mtoto mdogo?

Sasa tusikilizane vizuri, kwa maana hapa ndipo penye afya ya mtoto wako.

Kobe, kenge, mijusi, nyoka na mamba, wengi wao hubeba tumboni vijidudu vinavyoitwa salmonela. Mnyama mwenyewe haugui. Anakula vizuri, anatembea vizuri, ngozi yake inang'aa. Lakini vijidudu hutoka na kinyesi chake, vikashika kwenye gamba, kwenye miguu, kwenye mchanga anamokaa na kwenye maji anamooga. Hata yale mayai yanaweza kuwa na vijidudu hivyo kwenye ganda, na mtoto wa kobe aliyetoka leo asubuhi anaweza kuwa navyo tayari. Huwezi kuviona kwa macho. Huwezi kumwosha mnyama vikaisha. Wala hakuna dawa ya kumpa mnyama ili uwe na hakika kwamba ni msafi.

Je, vijidudu hivyo hufikaje kinywani mwa mtoto? Kwa njia ya mikono na vyombo. Kijana anamshika kobe, halafu anambeba mdogo wake, halafu mdogo anainyonya ile mikono. Au kobe anatembea sakafuni asubuhi, na mchana mtoto anatambaa pale pale. Mtoto wa miezi minane hahitaji kumgusa kobe ili augue. Inatosha kwamba anaishi naye nyumba moja.

Nitawapa mfano wa boma moja nililotembelea katika kazi yangu. Sitataja kijiji wala jina. Baba alipokuwa akilima kwa ng'ombe, plau ilifukua mayai saba ya kobe. Kijana wake aliyaona, akayahurumia. Akayachukua pamoja na udongo wake, akayaweka katika sufuria kuukuu, akaificha kando ya ukuta wa jiko ambako huwa kuna joto. Alikuwa na daftari, akiandika tarehe na hali ya hewa kila Jumapili. Miezi ikapita. Mama yake alifikiri ile ni sufuria ya mchanga wa kusugulia vyombo. Mwishowe watatu kati ya wale saba wakatoka. Kijana akafurahi mno. Akawa anawakatia sukuma wiki kwenye ubao wa jikoni, na jioni anawaogesha katika beseni. Beseni lile ndilo mama alilotumia kumwogeshea mtoto wa miezi minane.

Nilipofika, mtoto yule alikuwa na siku ya tatu ya kuhara na homa, na kinyesi kilikuwa na damu kidogo. Alikuwa amechoka, macho yameingia ndani, na midomo imekauka. Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Alilazwa, akaongezewa maji, akatibiwa, na baada ya siku kadhaa akarudi nyumbani akinyonya vizuri. Kinyesi chake hakikupimwa katika maabara kubwa, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni kobe walioleta ugonjwa. Lakini beseni lile nililiona kwa macho yangu, na ubao ule niliuona.

Kilichonigusa ni kijana yule. Alikaa nyuma ya nyumba, hataki kula, akisema yeye ndiye aliyemuua mdogo wake, na mdogo wake hajafa. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba kobe hubeba vijidudu. Tungemwambia mapema, angenawa mikono. Ndiyo sababu ninaliongea jambo hili hewani leo.

Jambo hili si geni duniani. Huko Marekani, watoto wengi waliugua kwa ajili ya vijikobe vidogo vilivyouzwa madukani kama vitu vya kuchezea. Watoto walikuwa wakivibusu na hata kuvitia mdomoni. Mwaka 1975 serikali yao ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wenye gamba lisilofika sentimita 10 hivi. Na hadi leo wataalamu wao wa afya wanashauri kwamba nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano isifuge wanyama watambaao.

Kwa nini tuwe waangalifu zaidi hapa kwetu?

Kwa mtu mzima mwenye nguvu, salmonela ya wanyama huleta kuhara, homa na maumivu ya tumbo kwa siku nne hadi saba hivi, kisha hupona. Dalili huanza saa chache hadi siku sita baada ya vijidudu kuingia. Lakini kwa mtoto mdogo, vijidudu vinaweza kutoka tumboni vikaingia katika damu, na hata vikafika kwenye utando wa ubongo. Hapo mtoto yuko katika hatari ya kufa.

Walio katika hatari zaidi ni watoto wachanga, watoto wenye utapiamlo, watoto walio na malaria au waliopungukiwa damu, watoto wenye ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli, na wale wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mama, unajua mwenyewe kwamba hapa kando ya ziwa malaria ni nyingi, na sikoseli iko katika familia nyingi. Watoto wetu wana mizigo tayari. Tusiwaongezee mwingine.

Kuna jambo lingine. Hapa kwetu mtoto akipata homa, sote husema ni malaria. Mara nyingi ni kweli. Lakini mtoto akipimwa asionekane na malaria, au akitibiwa malaria na homa isishuke, ni lazima arudishwe hospitali. Na unapofika mbele ya daktari au muuguzi, mwambie kama nyumbani mna kobe, kenge au mnyama mwingine. Usione haya. Hakuna atakayekucheka. Neno hilo moja linaweza kumsaidia kujua atafute nini.

Tafadhali usichanganye ugonjwa huu na taifodi. Vijidudu vyake ni vya ukoo mmoja, lakini taifodi hutoka kwa binadamu mwenzetu kupitia choo, maji na chakula. Hii ninayoizungumzia hutoka kwa wanyama. Na kwa haki, lazima niseme kwamba kuku na bata nao huibeba. Kwa hiyo kanuni ya kunawa mikono ni ile ile.

Mtoto akihara ufanye nini?

Kwanza, endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Kama hajafikisha miezi sita, usimpe maji ya kawaida wala uji. Maziwa ya mama yanamtosha.

Pili, mpe ORS. Changanya na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole.

Tatu, mpe zinki. Mtoto aliye chini ya miezi sita hupewa miligramu 10 kwa siku, yaani nusu ya tembe ya miligramu 20. Wa miezi sita na zaidi hupewa tembe nzima. Dawa hii huendelea kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. CHP wa kijiji chenu anaweza kukuelekeza.

Nne, usinunue dawa za kuua vijidudu dukani kwa kubahatisha. Kuhara kwingi hakuhitaji dawa hizo, na pale zinapohitajika, daktari ndiye atakayechagua.

Mkimbize mtoto hospitali bila kungoja ukiona dalili hizi: hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au haamki vizuri, macho yameingia ndani, kinyesi kina damu, au ana homa naye hajafikisha miezi miwili.

Mayai ya nyoka na ya mamba

Sasa nazungumza na wewe kijana. Yai la nyoka na yai la mjusi yanafanana. Mengi ni meupe, laini kama ngozi, na yanabonyea. Ukilikuta yai kwenye lundo la takataka, kwenye kichuguu au chini ya jiwe, huwezi kujua kwa macho kama atatoka mjusi au atatoka swila. Na mtoto wa swila, rachier, ana sumu siku ile ile anayotoka katika yai. Swila wa kutema anaweza kutema akiwa bado mdogo hivyo.

Moma yeye hatagi, kwa hiyo usitegemee mayai kukuonya. Anaweza kuzaa watoto 20 hadi 40 kwa mara moja. Moma jike mmoja aliyetoka Kenya alizaa watoto 156 katika bustani ya wanyama huko Jamhuri ya Cheki, na haijulikani nyoka mwingine aliyezaa wengi kuliko huyo. Ukimwona moma mdogo mmoja, jua kwamba ndugu zake huenda wako karibu.

Nao mto Kuja, wakati ule mchanga umekauka, si mahali pa kutafuta mayai. Pale palipo na mayai ya mamba, mama yao hayuko mbali.

Mtu akiumwa na nyoka, mtulize, asitembee wala kukimbia. Mvue bangili, pete, saa na shanga kabla mguu au mkono haujavimba. Funga ubao au kijiti kando ya kiungo hicho kisicheze. Usikate, usinyonye, usifunge kwa kamba ya kubana, usiweke jiwe jeusi, usipake mafuta ya taa. Akitapika, mlaze kwa ubavu wa kushoto. Mpeleke hospitali upesi. Kwa boda boda, mweke katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Usipoteze muda kumsaka nyoka. Sumu ikiingia machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Wengi wao ni watu wa vijijini kama sisi, na watoto ni wengi miongoni mwao.

Tumlee vipi kijana anayependa wanyama?

Mama, nimesema kijana huyu si mbaya. Mtoto anayeweza kungoja mayai karibu mwaka mzima, akiandika tarehe katika daftari, ana kipaji. Kesho anaweza kuwa daktari wa mifugo, mwalimu wa sayansi au mlinzi wa wanyamapori. Ukimchapa tu, ataendelea kwa siri, na siri ndiyo mbaya zaidi. Atamficha mnyama chini ya kitanda ambamo mdogo wake analala.

Kwanza, mweleze sheria. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Wako Wakenya wanaofuga mamba, nyoka na kobe kwa halali, lakini wana leseni ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Huko Watamu, James Ashe alianzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken mwaka 1980, na huko watu hufundishwa kuhusu nyoka na namna ya kumhudumia aliyeumwa. Hiyo ndiyo njia ya anayetaka kazi hii: kusoma kwanza, kufundishwa na wanaojua, kisha kibali.

Pili, mpe kitu cha kuangua. Mpe kuku mmoja anayetaka kulalia na mayai kumi. Aandike siku ya kwanza hadi ya 21, ahesabu mangapi yameanguliwa na mangapi yameharibika, na atafute sababu. Atajifunza mengi, na nyumba itapata kuku. Anawe mikono tu kila anapowashika.

Tatu, mfundishe kutazama bila kushika. Hata nyumbani mwako, nyuma ya kabati au kwenye ufa wa ukuta, pengine mna mayai mawili madogo meupe ya mjusi wa nyumbani. Anaweza kuyatazama kila siku mpaka yaanguliwe, bila kuyagusa. Na wewe mama funika chakula na maji, kwani mjusi naye huacha kinyesi.

Nne, mwelekeze shuleni. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya vilianza mwaka 1968, na shule inaweza kujiunga. Mkiwa na safari ya Kisumu, makumbusho ya kule yana nyoka, mamba na kobe. Atawaona kwa karibu na kuwauliza maswali watu wanaowatunza.

Tano, kobe aliyekwisha kuletwa nyumbani asitupwe chooni wala asiuawe. Muulize chifu au piga simu kwa KWS, ambao wana kituo katika Mbuga ya Ruma, Homa Bay. Wakati mnangoja, mnyama akae nje, mbali na jiko, mbali na kisima, mahali ambapo mtoto mdogo hafiki. Awe na chombo chake cha maji kisichotumika kwa kazi nyingine. Maji yake yamwagwe mbali na mahali watoto wanapocheza. Anayemshughulikia awe mmoja tu, naye anawe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, akisugua kwa sekunde 20. Kibuyu chirizi karibu na mlango kinatosha. Asimbusu mnyama, wala asile huku anamshika. Na beseni au ubao uliotumika, usirudi tena kwa mtoto wala kwa chakula.

Mambo ya kukumbuka

1. Kobe, kenge, mijusi na nyoka hubeba vijidudu vya salmonela hata wakionekana wazima na safi. Hata aliyeanguliwa leo anaweza kuwa navyo.

2. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano si mahali pa kuwafugia.

3. Mikono, beseni, ubao na sakafu ndiyo njia ya vijidudu. Sabuni huifunga njia hiyo.

4. Mtoto akihara, maziwa ya mama, ORS na zinki. Akiwa na dalili za hatari, hospitali mara moja, na mtaje mnyama aliye nyumbani.

5. Yai usilolijua usiliguse. Linaweza kuwa la nyoka.

6. Usimvunje moyo kijana anayependa wanyama. Mwonyeshe njia iliyo salama na iliyo halali.

Akina mama na walezi, jioni ya leo kabla hamjalala, pitia nyuma ya jiko lako utazame ile sufuria kuukuu. Ukikuta mchanga ndani yake, usipige kelele. Mwite kijana, keti naye, muulize ni nini alichofukia na amekitunza tangu lini. Msikilize mpaka amalize. Kisha mlete mdogo wake, mwonyeshe ile mikono midogo inayoingia mdomoni kila wakati, umweleze haya tuliyoyazungumza. Nina hakika ataelewa.

Mwenye swali aje kliniki siku ya kupima uzito wa watoto, au amwone CHP wa kijiji chake.